Chale kwenye Goti la Théodore

Berthe hakuwa mwanamke wa kukaa bure wakati jambo linamtisha. Mumewe Théodore, mvuvi wa pale kwenye maporomoko, aliteleza juu ya miti inayoshikilia mitego yake ya samaki majini, na tangu siku hiyo goti lake likawa linakwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Daktari alitaka kumchoma sindano ya dawa ndani kabisa ya kiungo, kisha apige picha, aone palipoharibika. Wenzake walikuwa karibu kusimamisha miti mipya. Asipotibiwa mapema, nafasi yake kwenye mitego ingekwenda kwa mwingine.

Basi asubuhi ya sindano, kabla ya kutoka, Berthe alichukua wembe mpya, akamchanja chale ndogo pande zote za goti, akapaka dawa ya mamake, ili sindano ikute ugonjwa umeshalegea. Théodore alinyoosha mguu. Mume msikivu namna hii, Berthe akajisifu moyoni, wangapi wanaye?

Hospitalini, muuguzi Micheline alifunua goti, akakunja uso.

“Papa, nani alikukata?”

“Miye mwenyewe,” Théodore akajibu haraka.

“Anadanganya. Ni miye,” akasema Berthe, ambaye mdomo wake haujapata kuficha kitu.

Daktari alikuja, akatikisa kichwa. Sindano haipiti penye vidonda, vijidudu vitaingia kwenye kiungo. Warudi ngozi ikishapona. Miti ingesimamishwa bila mumewe, na maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

“Lakini papa, nilikuambia juzi,” Micheline akasema kwa upole. “Goti isikatwe, isipakwe kitu.”

Berthe akamgeukia mumewe. “Alikuambia?”

“Aliniambia.”

“Alors, juu ya nini ulinipatia goti?”

Théodore alitazama sakafu, akamwita mkewe kwa jina la binti yao. “Mama Larissa, tangu juzi haukukula. Nikaona, bon, ukate tu, roho yako itulie.”

Berthe alitaka kumgombeza, akalia badala yake. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayemtunza mtu huyu.

“Siku ingine nikiogopa,” akasema, “uniambie tu ninyamaze.”

“Nikikuambia, utanyamaza?”

Berthe alifikiri kwa dhati.

“Hapana,” akakiri, akampa bega ashikilie, wakaanza kuteremka ngazi.