Mtani wa Melkiadi

Bwana afya Telesphor alikuja na karatasi yake, akaisoma uani mbele ya wazee kumi na mmoja. Kipindupindu kimeingia Mpanda. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, atakayeharisha apelekwe haraka kambi ya wagonjwa, na mikusanyiko ya mazishi ni marufuku. Akakunja karatasi, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Hilaria, mhudumu wa nyumba ile ya wazee wasiojiweza pale Kawajense, alibaki akimtazama mgongoni huku damu ikimchemka. Kuni zimelowa. Sabuni haijaonekana madukani tangu mwezi uliopita. Na mikono ya kuwanawisha wazee wote hao ilikuwa miwili tu, yake mwenyewe. Kuagiza ni rahisi kwa mtu asiyebeba ndoo.

Wazee nao hawakumpa nafuu. Maji ya kuchemsha, walisema, yanatia kinyaa. Kinara wao alikuwa Mzee Gaspar, Mpimbwe wa Majimoto, mwenye mdomo usiomwacha mtu. Ila matusi yake mazuri aliyaweka akiba kwa Mzee Melkiadi, aliyekimbia mauaji Burundi mwaka sabini na mbili, akafika Mpanda bila mke wala mtoto.

Kwa watu wa huku maziko bila watani hayajakamilika. Wao ndio wanaomtukana marehemu pale pale kaburini mpaka wafiwa wanacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Melkiadi hakuwa na mtani mji mzima, basi Gaspar akajipa cheo hicho. Kila asubuhi kabla ya uji alisimama mlangoni kwake.

"Wewe Mrundi, umeamka tena? Mimi nimeshachimba kaburi, nani atanilipa jasho langu?"

Melkiadi alicheka tu. Miaka mitano hakurudisha tusi hata moja. Alisema hana kipaji. Lakini walikuwa wamepatana: atakayetangulia, mwenzake atamtania kaburini.

Jumanne ikasikika kwamba sabuni imefika Kashaulili. Hilaria alipanga foleni tangu alfajiri, akasukumwa, akakanyagwa, akarudi saa saba mchana na mche mmoja.

Uani palikuwa kimya. Gaspar ameketi kwenye gogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Basi. Hakuuliza alikokuwa amezurura, wala hakumtukana mtu. Hilaria aliingiwa na hofu. Ndipo akaona nguo zimeanikwa kwenye ua, mvua ikizinyeshea.

"Nani huyo anafua siku ya mvua?"

Gaspar akatazama miguu yake.

Hilaria alimkuta Melkiadi chini ya blanketi, macho yamezama, ngozi ya vidole imekunjamana. Alikuwa anaharisha tangu asubuhi.

"Mbona hamkusema? Nyie mnataka kufa?"

"Mwanangu," Melkiadi alisema, sauti imemkauka, "kambini wanazika watu shimo moja. Wanamwaga chokaa, hakuna wa kusema neno. Shimo la namna hiyo mimi nililikimbia kwetu."

"Nilimwahidi sitasema," Gaspar akadakia kutoka mlangoni. "Na nguo zake nimemfulia mwenyewe."

"Kwa sabuni gani?"

"Sabuni iko wapi? Nimefua kwa maji tu."

"Na mikono?"

"Mikono imefanya nini? Nimekula nayo kiporo."

Hilaria alitamani kumtwanga kichwani kwa ule mche. Badala yake akamsugua mikono mpaka viwikoni, mzee akalalamika kwamba anachunwa. Moyoni alijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Gari la wagonjwa halikuwa na petroli. Akaazima mkokoteni kwa jirani, akamlaza Melkiadi, akausukuma kwenye matope njia nzima huku analia kwa hasira. Aliilaani mvua, akawalaani wazee wakaidi, akamlaani Telesphor na karatasi yake. Alipofika kambini, Telesphor huyo huyo akamuuliza kwa nini wamechelewa. Hilaria akamshusha mgonjwa, akageuza mkokoteni. Angefungua mdomo, angemalizia kwa ngumi.

Alhamisi Gaspar alianguka chooni. Mkokoteni ulipofika, alikuwa ameshakata roho. Watu wa afya wakaja na chokaa yao, wakamzika ng'ambo ya reli, shimo moja na maiti wengine wawili, wakamzuia hata Hilaria asisogee. Hakuna aliyesema neno. Mtu aliyewatukana watu maisha yake yote aliondoka kimya kimya.

Siku ya tisa Melkiadi akarudi. Alikuja kwa miguu, anajikongoja na fimbo, shati linampwaya. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akitabasamu, anasubiri. Hilaria alijua anasubiri nini.

"Bado kalala, yule Mpimbwe?" Melkiadi aliuliza.

"Twende, babu," Hilaria akasema, akamshika mkono. Tabasamu likamtoka mzee polepole.

Mikusanyiko ilikuwa bado marufuku. Hilaria alijiambia kwamba watu wawili si mkusanyiko, na kama ni mkusanyiko, basi Telesphor aje awakamate. Wakavuka reli, wakasimama mbele ya kifusi kilichochanganyika na chokaa.

Melkiadi akavua kofia. Akafungua mdomo, akaufunga. Alitafuta tusi, halikuja.

"Siwezi, mwanangu. Aliyekuwa anajua ni yeye."

"Mtukane, babu." Hilaria alisema kwa hasira ya siku zote zile. "Mtukane, ni haki yake."

Mzee akainama kwa shida, akaokota bonge la udongo, akalitupa juu ya kifusi.

"Wewe Mpimbwe," akasema. "Mzee mzima, hata kufua hujui."