Kiti Cheupe cha Uzinduzi

Taya la kushoto la Bi Fagio lilikuwa limevimba hadi jicho likabaki mwanya tu. Alipiga deki ukumbi wa hospitali kwa mkono mmoja, wa pili kaushikiza shavuni, mate yakimtoka kwa sababu kumeza kulikuwa adhabu. Wafagiaji wenzake walishamtibu kwa midomo yao. Mmoja alisema ni matumbwitumbwi, mwingine akaapa ni kibao cha mume. Mume gani, jamani, na marehemu alishazikwa!

Muuguzi ndiye pekee aliyemmulika kwa tochi. "Jino limeoza hadi kwenye mzizi, dada. Usaha umejaa. Hivyo vidonge vya maumivu vinakudanganya tu. Usaha lazima utolewe, jino ling'olewe, na dawa ya kuua vijidudu ifuate. Uvimbe ukishuka shingoni utakuziba pumzi."

"Basi ning'oeni."

"Kwa vifaa gani? Mganga mkuu anasema tusubiri. Chumba cha meno kinazinduliwa kesho."

Akasubiri, akalala ameketi. Asubuhi kikashushwa kiti cheupe, kinang'aa, kimevikwa nailoni kama kipya. Mgeni rasmi akakata utepe, akahutubia weee, mpaka masikio yakachoka. Bi Fagio hakungoja kuitwa. Alipenya katikati ya masuti, akapanda kitini na viatu vyake vya mpira, akaachama kadiri taya lilivyomruhusu.

"Huyu ndiye mgonjwa wetu wa kwanza!" mganga mkuu akawahi kusema, jasho likimtiririka. Watu wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaenda kula.

Hakuna aliyeligusa lile jino. Waliorudi ni wapagazi wawili wenye kamba, na mganga mkuu nyuma yao.

"Mama, shuka. Kiti kinarudi."

"Kinarudi wapi?"

Mganga mkuu alikohoa. Aliyejibu ni mpagazi mkubwa, maana hakuna aliyemwonya afiche. "Kwenye kliniki ya bosi huyu, mama. Kule kwa wanaolipia. Si tulikichukua huko asubuhi?"

Hasira ilimpanda Bi Fagio. Yaani usiku kucha amekaa na usaha mdomoni akingojea pambo!

"Sishuki."

"Kazi huitaki, eh?" mganga mkuu akafoka. "Basi kesho usije."

"Kesho! Hiyo kesho nitaiona, mwanangu? Shingo hii hapa, iguse."

Hakuigusa. Akawaamuru wapagazi wamtoe. Wakatazamana, yule mkubwa akajikuna kichwa.

"Bosi, sisi tumeitwa kubeba kiti. Kuburuta mama wa watu hatumo."

"Kibebeni hivyo hivyo! Walinzi wa kule watamshusha."

Wakakinyanyua naye juu yake, wakapita mbele ya benchi la wagonjwa waliojifunga mashavu kwa vitambaa. Hao nao wakainuka, wakafuata nyuma hadi kwenye gari lililoleta kiti. Bibi mmoja akauliza kama kuna nafasi, na bila kungoja jibu akaanza kupanda.

"Daktari," Bi Fagio alisema, maneno yakimtoka moja moja kwa shida, "panda na wewe. Koleo la meno si unalo huko kwako?"

Mganga mkuu alikuwa ameshaweka simu sikioni, anaita polisi. Bi Fagio akakamata mikono ya kiti. Akaachama tena, usaha ukimchuruzika kidevuni, akamkazia macho.