Kiti cha Wageni

Ufagio ulikuwa haupiti tena chini ya kiti cha wageni. Hilo ndilo Sekela aliloliona kwanza, Jumatatu moja ya Juni, alipokuwa akifagia ofisi ya ustawi wa jamii katika kata moja juu ya Mbalizi. Aliinama akatazama. Miguu ya kiti ilikuwa imeingia vidole vitatu kwenye sakafu ya saruji, na saruji haikuwa na ufa.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, aliishia darasa la tano, na kazi yake ilikuwa kufagia na kuchemsha chai. Lakini kila jioni alipima, na baada ya wiki chache akajua: kiti kilizama kila mgeni alipoambiwa asimulie upya yaliyomkuta.

Aliyekizamisha zaidi alikuwa Blandina, msichana wa miaka kumi na moja. Mwalimu Kasian alimfungia kutwa nzima kwenye stoo ya mahindi ya shule, kwa kosa la kuongea Kisafwa, lugha ya kwao, darasani. Tangu siku hiyo hakutaka kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango. Alikwisha kusimulia mara nne, maana kila alipokuja ilifunguliwa fomu mpya, na kila fomu ilianza na neno lile lile: Eleza. Kufikia Agosti kiti kilibakiza mgongo tu. Aliyekikalia alinyoosha miguu sakafuni kama anayepukuchua mahindi. Mara moja zaidi, Sekela alikadiria, na mtoto mwenyewe angeanza kuingia sakafuni.

Afisa, Bwana Sosthenes, hakuwa mtu mbaya. Mwezi huo alikwenda Iringa siku tatu kujifunza namna ya kuwahudumia watu walioumizwa. Mkufunzi wao, mama mmoja aitwaye Faustina, aliwasalimia kwa Kihehe, "Kamwene", kila asubuhi na hakuanza somo mpaka wote waitikie. Bwana Sosthenes alirudi na cheti na daftari.

"Tumefundishwa mhudumu asikae juu ya mteja," alimwambia Sekela. "Wakae sawa."

Kesho yake akamwita fundi Zabron achimbe shimo la kiti chake.

"Bosi, nimechimba vyoo, nimechimba makaburi," alisema Zabron. "Shimo la afisa ndiyo mara ya kwanza."

"Chimba, usihutubie."

Mchana Bwana Sosthenes alikaa shimoni, sawa kabisa na kiti cha wageni. Karatasi za mezani alizichukua kwa kupapasa.

Alhamisi Blandina alikuja na bibi yake, Tumpe.

"Mwezi uliopita ulikuwa juu kama mhubiri, baba," alisema bibi. "Leo umeshuka."

"Ni mafunzo, bibi." Akamwomba afunge mlango, kwa ajili ya siri. "Haya Blandina, jisikie uko salama. Anza mwanzo."

Mtoto alifungua mdomo, na kiti kikaanza kuzama. Cha afisa kilifuata, kwa kuwa sasa vilikuwa sawa. Saruji ikamfika Blandina kiunoni. Bwana Sosthenes ilimfika tumboni, naye aliendelea kuandika tarehe.

Sekela aliingia na chai. Mlango aliuacha wazi.

"Bosi," alisema kwa sauti ya chini, "hayo yameshaandikwa. Yamo kwenye faili mara nne."

"Umejuaje?"

"Nafuta vumbi mafaili. Nasoma." Akaangalia sinia. "Huko Iringa hawakusema faili lisomwe kwanza?"

Bwana Sosthenes alifikiri. "Labda siku ya pili. Nilitoka kidogo kutafuta nyanya."

"Basi nyanya hizo ndizo zilizokuchimbia shimo," alisema bibi Tumpe.

Sekela aliinama kwa mtoto. "Unataka kukaa wapi?"

Blandina alionyesha ndoo ya kudekia, pale kizingitini. Sekela akaipindua. Saruji ilimwachia mtoto bila kuchafua sketi. Alikaa, miguu ikiwa nje, akachovya andazi kwenye chai na kuhesabu pikipiki barabarani. Bwana Sosthenes alisoma faili lote kimya, kwa mara ya kwanza, na hakuuliza kitu. Alipofika ukurasa wa mwisho kiti chake kilikuwa kimepanda shubiri mbili na kumgongesha magoti kwenye meza.

Aliandika barua kwamba Mwalimu Kasian aondolewe. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: mtoto afike ofisi ya juu, aeleze upya. Bibi Tumpe alikwenda kwanza peke yake kuangalia, akarudi akasema kiti cha huko kimebaki mgongo tu. Mwalimu Kasian bado anafundisha darasa la tano. Ufunguo wa stoo anatembea nao mfukoni.

Ndoo ilibaki kizingitini, na wageni wengi waliipenda kuliko kiti. Jioni ile ya majibu, Sekela alimaliza kudeki, akaipindua, akaikalia mwenyewe. Bwana Sosthenes alikuwa anakunja barua. Pale ofisini wote walijua Sekela aliacha shule kwa kukosa viatu. Mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo.

"Havikuwa viatu," alisema. Hakuna aliyemuuliza. "Mwalimu Kasian alinifungia na mimi, stoo ile ile, siku mbili. Bibi yangu alipita dirishani, nikamsalimia kwa Kisafwa."