Sauti Iliyowekwa Kabatini

Pale saluni wateja walimwita Redio, naye hakukasirika, maana ilikuwa kweli. Mikono ikisuka, mdomo unaimba, toka anafungua mlango asubuhi mpaka anafagia nywele jioni. Wapo wanawake waliopita saluni tatu nyingine njiani wakaja kukaa foleni kwake, wakisingizia eti ana mkono mwepesi. Mkono wake ulikuwa wa kawaida tu. Walifuata sauti, ila nani atakiri kwamba amelipa kusukwa ili aimbiwe?

Basi ilipogundulika ana uvimbe shingoni, na daktari akamweleza bila kuzungusha maneno kwamba neva inayoendesha sauti inapita papo hapo penye kisu, hakulia kwa kuogopa kufa. Alilia kwa kuogopa kunyamaza.

Wazo lilitoka kwa mdogo wake wa kike wa tumbo moja, yule aliyeitwa Vidole. Vidole alifanya kazi katika duka la fotokopi, na kwenye droo ya kazini alikuwa na tableti aliyoijua kuliko alivyojijua mwenyewe. Juu ya kile kioo alipiga ngoma, gitaa, zumari, bendi nzima, bila kuinuka kitini. Kitu kimoja tu Mungu alimnyima: koo la kuimbia. Akiimba yeye, hata watoto wa dada yake walikumbuka ghafla kwamba wana kazi za shule. Mwenyewe alilifanyia mzaha, na dada yake alicheka pamoja naye miaka yote bila kujiuliza kama kicheko kile kilimuuma.

"Dada, tuiweke akiba," Vidole alimwambia. "Programu hii ukiiimbia noti moja moja, inazipanga kwenye vitufe kama kinanda. Ukipona na sauti yako, tunafuta, tunacheka, yameisha. Isiporudi, unaipiga mwenyewe kwa vidole. Bado itakuwa ni wewe."

"Na wewe hutaichezea?"

"Niichezee ya nini? Si ni yako? Haki ya mama aliyetuzaa."

Siku mbili kabla ya kwenda hospitali walijifungia ndani ya kabati la nguo, kwa sababu makoti na mablanketi humeza mwangwi, na sauti hutoka safi kama imerekodiwa studio. Walikaa humo wamekunja magoti, jasho likiwachuruzika, Vidole ameshika tableti, dada yake akiimba. Aa ya chini. Aa inayofuata. Kisha oo, moja moja, mpaka juu. Walipofika kwenye aa ya juu kabisa, dada alinyoosha shingo, bega likagusa henga za waya, zikagongana. Cheng!

"Turudie?" aliuliza.

"Acha, dada. Hii imetoka nzuri kuliko zote. Mlio wa hizo henga nitausafisha baadaye."

Siku ya upasuaji Vidole hakuonekana. Alipiga simu alfajiri, sauti inakwaruza. "Nimeamka na homa, dada, kichwa kinapasuka. Nisije nikakuambukiza bure." Mume wa msusi akasimama peke yake kwenye korido, ameshika viatu vya mkewe mkononi. Na mwanamke huyo, badala ya kujihurumia, aliingizwa chumba cha upasuaji akimwombea mdogo wake apone haraka. Ndivyo alivyokuwa. Mimi ningekuwa ninajiombea mwenyewe.

Sauti haikurudi. Kilichorudi ni pumzi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mwezi ukapita, mitatu ikapita, daktari akatikisa kichwa. Saluni wateja walijitahidi kumstahi, isipokuwa mmoja aliyesema, "Redio imeisha betri!" akacheka peke yake. Foleni ikaanza kupungua, na wale waliokuwa wakisifia mkono mwepesi wakagundua kwamba saluni tatu za njiani nazo zina mikono.

Akaiomba ile tableti. Hapo ndipo danadana zilipoanza. Kioo kimepasuka, iko kwa fundi. Fundi amesafiri. Fundi amefiwa na mjomba. Baada ya wiki mbili fundi akafiwa tena, na msusi wa watu akatuma salamu za rambirambi mara zote mbili.

Siku moja alikuwa anamsuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wake wa siku nyingi. Mwalimu alikuwa amelaza simu mapajani, inapiga muziki. Mwanamke alikuwa akisema maneno tu juu ya ngoma, sauti imepitishwa kwenye mitambo hadi haijulikani ni ya nani, kama anayesoma barua, halafu kiitikio kikaingia, aa na oo tupu. Msusi akatabasamu. Kumbe kuna mtu anaimba kama nilivyokuwa naimba, aliwaza, na wala hakuona wivu. Kiitikio kikapanda, kikafika juu kabisa.

Cheng!

Mikono yake ikasimama. Kiitikio kikarudi, kikapanda tena, na pale pale juu, henga zikagongana tena.

"Nani huyo?" alinong'ona.

"Eeh?"

Akainama karibu na sikio la mwalimu. "Nani anaimba?"

"Humjui? Anajiita Vidole. Ana sauti huyo dada, we acha tu! Wanafunzi wangu hata hesabu wanaziimba kwa wimbo huu. Taratibu basi, unanivuta nywele."

Alikimaliza kile kichwa chote, mstari kwa mstari, kwa sababu mtu haachwi na nusu ya nywele hata kama wewe dunia imekupasukia. Kisha akafunga saluni mchana kweupe na kutembea mpaka duka la fotokopi.

Tableti ilikuwa juu ya kaunta. Kioo chake hakikuwa na hata mkwaruzo. Mashine zilikuwa zinanguruma, watu sita wako foleni na makaratasi yao, na Vidole alipomwona dada yake alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Nilikuwa nataka kukwambia," alisema.

Msusi akaweka mkono juu ya tableti.

"Dada, ilikuwa imekaa tu humo ndani. Maneno ni yangu, ngoma ni zangu, mpangilio wangu. Wewe ungeifanyia nini?" Machozi yakamlengalenga. "Watu wananisimamisha njiani wananiambia naimba vizuri. Mimi! Unajua ni mara ya kwanza maishani mwangu?"

Na hapo, niseme ukweli, msusi alikaribia kusamehe. Alikumbuka vile vicheko vya miaka yote, akaona aibu. Huenda mdogo wake alingoja, akaona sauti haitarudi, tamaa ikamshinda. Mtu anaweza kuteleza hivyo.

Akaivuta tableti, akaifungua ile programu. Vyombo vilijipanga kwenye orodha: piano, gitaa, zumari, ngoma. Chini yake Vidole alikuwa ameongeza kimoja na kukipa jina, Sauti Yangu. Hilo akalimeza. Kisha akaufungua wimbo wenyewe, na pale chini programu ilikuwa imeandika, kama inavyoandika kwa kila wimbo, siku na saa ulipoanza kutengenezwa.

Ilikuwa siku ya upasuaji. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Saa hiyo yeye alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha magurudumu, anamwombea mgonjwa wa homa. Saa hiyo hata daktari hakujua kama sauti itarudi.

Alijaribu kupiga kelele, ikatoka pumzi. "Hukungoja hata nitoke," alisema. "Ulishanizika."

Mashine ilikuwa inanguruma. Vidole akainama juu ya kaunta, mkono sikioni.

"Sema kwa sauti, dada, sikusikii."

Msusi akaweka kidole kwenye kitufe cha juu kabisa. Sauti yake ikatoka, nzima, ikajaza duka lote, na henga zikagongana. Watu wote sita waliinua vichwa kwa furaha, wakamgeukia Vidole, na mmoja wao akaanza kumpigia makofi.