Chumba cha Sita

Mzee Nyongeza alibandikwa jina hilo na wapangaji wake, na hawakumwonea. Alipostaafu udereva wa lori alinunua nyumba ya vyumba vitano vya kupangisha, yeye na mkewe wakakaa upande wa mbele. Tangu hapo kila kipande cha uwanja kilicholala bure kilimkosesha usingizi. Alipoukazia macho uchochoro wa nyuma, palipokuwa njia ya paka na kamba ya nguo, alimwita shemeji yake, fundi mwashi.

"Hapa panatosha chumba."

"Na mfuniko wa shimo la choo, shemeji? Si huu nimeukanyaga?"

"Shimo hili refu kama kisima. Likijaa, wajukuu wetu watakuwa na mvi."

Shemeji akacheka, akachanganya zege. Fundi halipwi kwa kubisha.

Sasa shimo limejaa, na wajukuu hata meno hawajaota. Aliyeuza nyumba alikuwa akiishi humo na mkewe na redio tu. Mzee alisahau kwamba redio haiendi chooni. Vyumba sita vya watu ni matumbo mengi. Choo kikawa kinarudisha kila kinachopewa. Wapangaji wakakutana uani, wakamtuma mama wa chumba cha pili, mwenye sauti ya mnadani.

"Mzee, tumevumilia vya kutosha. Jumamosi ikifika choo hakijapona, tunahama wote. Kodi utawadai nzi."

Mzee hakuwa na shamba wala duka. Kodi ndiyo iliyokuwa ikipanda jikoni kila siku. Akaita gari la kunyonya maji machafu. Likaja, likaziba mtaa, dereva akashuka na mpira begani kama aliyebeba chatu.

"Mfuniko uko wapi?"

Mzee akaelekeza kidevu kwenye mlango wa chumba cha sita.

"Ndani?"

"Chini ya kitanda."

Dereva akautua mpira. "Mzee wangu, nimenyonya mashimo ya kila namna. Hili la kupigiwa hodi ndiyo kwanza naliona."

"Si upitishe kwenye tundu la choo?"

"Kuna kona. Mpira hauna kiuno."

"Basi tutoboe nje, nyuma ya ukuta. Shemeji!"

Shemeji akagonga ardhi kwa nyundo, akasikiliza, akarudi nyuma hatua. "Ukuta umekaa begani mwa shimo. Tukigusa hapa, chumba kinazama na kitanda chake."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Siku ile uliniambia habari za wajukuu."

Mzee akatamani kumpiga mtu, lakini aliyestahili alikuwa amevaa viatu vya Mzee mwenyewe. Akapiga hodi. Chumba cha sita kilikuwa na fundi cherehani, mpangaji asiyechelewesha kodi. Alifungua na pini midomoni. Nyuma yake gauni jeupe la bibi harusi lilining'inia ukutani, na vitambaa vya watu vilifika darini.

"Mwanangu," Mzee akaanza kwa upole, "tunaomba kuvunja sakafu kidogo."

Binti akatema pini mkononi. "Kidogo kama nini?"

"Kama... mlango."

"Baba, vitambaa hivi vikishika harufu hiyo, nani atavaa nguo zangu? Huyu bibi harusi ataingia ukumbini ananuka choo chako? Nitafutie pa kukaa kwanza. Pasafi, pana mwanga. Nikikosa, sitoki, na huo mpira haupiti."

"Vyumba vyote vina watu, mwanangu."

"Njoo sebuleni kwangu," sauti ya mkewe ikatoka nyuma.

Mzee akageuka. "Mama, sebule ni yetu!"

"Yetu ndiyo. Mimi sehemu yangu nimempa."

"Na mimi?"

"Wenzako wasipoziba ufa hujenga ukuta. Wewe ukuta wako ndio ulioleta ufa. Mwiba wa kujichoma, baba, hauambiwi pole."

Cherehani ikahama, gauni likabebwa juu juu kama mgonjwa. Mzee akashika sururu mwenyewe, akavunja zege aliyoilipia mwenyewe, huku shemeji akipiga mluzi. Mfuniko ulipofunuliwa, mtaa mzima ulifunga madirisha. Gari likanyonya, likakoroma, likaondoka. Choo kikapona, wapangaji wakabaki, mama wa chumba cha pili akasema asante kwa sauti ile ile ya mnada.

Lakini binti hakurudi. Sebule ilitazama barabara, wateja wakaongezeka, na mkewe Mzee alikuwa ameanza kujifunza kukata vitambaa. Chumba cha sita kikatafutiwa mpangaji. Kila aliyekuja alitazama mfuniko katikati ya sakafu, akasema atarudi, akaaga.

Siku moja Mzee alitaka kuingia kwake kusikiliza habari.

"Subiri nje! Kuna mtu anapimwa!" binti akaita kutoka ndani.

Akasubiri. Akatoka huyo, akaingia mwingine. Mwishowe mkewe akamtolea nje kiti na redio, kwa huruma kiasi.

Akavibeba hadi chumba cha sita. Mahali pekee kiti kilipokaa bila kuyumba palikuwa juu ya mfuniko. Hajaisikia hata habari ya kwanza, mtu akamwaga ndoo chooni, maji yakaporomoka chini ya miguu yake kwa kishindo.

"Polepole nyie!" akafoka, akigonga sakafu kwa kisigino. "Mtalijaza tena!"

Ikamwagwa ndoo nyingine.