Nusu ya Kioo cha Mama

Kioo kilitolewa uani asubuhi, kikalazwa juu ya mbao kando ya mashine ya kukatia vigae. Kilikuwa kioo cha mlango wa kabati, kirefu, kizito, cha zamani. Mwenye mashine alikuwa Kitinda, mziwanda wa nyumba hiyo, ambaye kazi yake ni kutandika vigae kwenye mabafu ya watu. Alikipangusa kwa kitambaa kibichi kuanzia juu. Alipofika sehemu ya chini, mama yake aliinua miguu ili apanguse vizuri.

Mama alikuwa amefariki tangu mvua za mwanzo. Waliporudi kutoka kumzika walimkuta ndani ya kioo, ameketi ukingoni mwa kitanda, akichana nywele. Siku hiyo wifi yake Kitinda, mke wa kaka yake, alikifunika kwa shuka kwa sababu ya wageni, kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Nyumba aliichukua kaka. Hilo halikujadiliwa, kwani yeye ndiye mkubwa, tena mwanamume. Kitinda, aliyemuuguza mama, akamgeuza kitandani na kumnywesha maji kila alipogonga kigoda kwa kikombe, alifungasha virago vyake akahamia chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Kaka wakati wa ugonjwa alikuwa akifika kwa nadra, akisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Mama alikuwa akiwasimulia majirani ziara hizo mpaka ziara nyingine.

"Kioo tugawane," kaka alisema. "Nusu kwa nusu. Mimi sipendi dhuluma."

Fundi vioo waliyemwita kwanza aliinama juu ya kioo, akaamkia "Shikamoo, mama," akaitikiwa kwa kichwa. Halafu akasema hawezi. Kalamu yake ya almasi inachora mstari tu, kuvunja ni kwa mkono, na kioo cha zamani kikivunjwa huenda kinakotaka. Yeye hakati kioo chenye mtu. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Ndipo wakamkumbuka Kitinda. Mashine yake ni meza ndogo ya bati yenye diski nyembamba inayochomoza katikati, na maji yanayoitiririkia ili isipate moto. Diski hiyo haivunji. Inakula kidogo kidogo. Ukibandika utepe mahali pa kukata, ukachora mstari juu yake, ukaegemeza kioo kwenye rula ya chuma na kukisukuma bila papara, mkato unanyooka. Ukikisukuma kwa nguvu, diski inapinda na mstari unapotea. Kitinda alijifunza hayo kwa kuharibu vioo vyake mwenyewe, maana hakuwa na wa kumuuliza.

Kaka alipima katikati, akapima tena, na kila alipopima katikati ilisogea upande wa Kitinda. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kitinda alimpokonya utepe wa kupimia, akapima mwenyewe.

"Mkataji hachagui," kaka akamkumbusha.

Hiyo ilikuwa sheria ya mama tangu utotoni. Mmoja akikata mkate, mwenzake ndiye wa kwanza kuchukua. Na mkataji siku zote alikuwa Kitinda.

"Chagua basi, kaka."

Ingawa kioo kilikuwa uani, bado kilionyesha chumba cha mama kama kilivyokuwa. Upande mmoja kulikuwa na dirisha, pazia la maua na kiti cha mikono. Upande wa pili kulikuwa na kitanda, na kigoda chenye kikombe cha bati. Mama alikuwa kitandani. Kaka hakumwangalia, alikuwa akiwaza ukuta wa sebule.

"Wenye dirisha," alisema. "Unapendeza."

Kwa hiyo mama alikuwa upande wa Kitinda. Kitinda alifurahi, na furaha ile ikamtia haya, akainama kufungua maji. Alikwisha kujua atakitundika wapi: mkabala na mlango, ili akirudi kazini akute mtu ndani.

Mashine ikalia. Kioo kikaingia kwenye diski taratibu, maji meupe yakichuruzika mpaka kwenye ndoo. Mama aliacha kuchana nywele, akatazama mkato ukipita sakafuni kwake.

Kukata kioo kwa mashine ile kuna kosa moja ambalo kila anayejifunza hulifanya: kukisukuma mpaka mwisho. Pembe ya mwisho haikatwi, hubanjuka. Anayejua husimama kabla ya kufika, akakigeuza kioo, akaingilia upande wa pili ili mikato ikutane. Kitinda alisimama. Kati ya nusu mbili kulibaki daraja la upana wa kiganja.

Alizima mashine. Fundi hahitaji kuzima mashine hapo, na yeye alilijua hilo.

"Mbona umesimama?" kaka aliuliza.

"Maji yamepungua."

Ndoo ilikuwa imejaa. Kitinda alimtazama mama. Mama aliinuka, akajitanda mtandio, akachukua kitana. Akapita kwenye daraja polepole kwa sababu ya magoti, akavuka, akaketi kwenye kiti cha mikono, dirishani, upande wa kaka. Hakugeuka.

"Unaona?" kaka alisema, bila kiburi. "Mama anajua kwake."

"Kata, wifi, jua linapanda," mke wa kaka alisema.

Kitinda alikigeuza kioo na kuwasha mashine. Alikuwa na uchungu, na angeweza kupindisha mkono. Hakupindisha. Mikato ikakutana, ukingo ukanyooka kiasi kwamba kaka aliupitishia kidole akasifu.

Nusu ya kaka haikukaa sebuleni. Wifi alisema hawezi kula huku mkwewe akimhesabia matonge, ikageuzwa uso ukutani, nyuma ya kabati la vyombo. Kitinda aliposikia alienda kuiomba. Kaka akamwambia mama mwenyewe ndiye aliyechagua, na hilo lilikuwa kweli.

Nusu ya Kitinda imetundikwa mkabala na mlango. Inaonyesha kitanda kilichotandikwa na kigoda. Jioni, Kitinda akiwa bado na saruji kwenye kucha, mkono wa mama huingia kutoka ukingoni, mpaka kwenye kiwiko tu. Umenyooka ukingo huo, haumkwaruzi. Mkono huchukua kikombe na kugonga kigoda mara mbili.

Kitinda ameweka kigoda chake mbele ya kioo, na kikombe juu yake, mahali palepale. Akijaza cha huku, cha kule hujaa. Anasubiri kidogo, asije mama akataka kingine, halafu anaenda kunawa.

Maji huyapasha kwanza. Mama hapendi ya baridi.