Nundu ya Chai

Bethwel, msimamizi wa shamba, alimkuta Janeffer akifunga magodoro kwa kamba mbele ya nyumba ya kampuni. Ukipoteza kazi ya kuchuma chai, unapoteza na paa.

"Mama Chelimo, fungua hayo magodoro. Nimekutafutia kazi kule Bloku ya Mtoni. Utaongoza wale akina mama, na nyumba unabaki nayo."

"Kazi ya kuchuma?"

"Kuchuma na kusawazisha. Chai yao ni milima na mabonde. Mkono wako tunaujua."

Janeffer aliutazama ufito wake ukutani. Mchumaji huulaza juu ya kichaka, akachuma kinachouzidi kimo, mpaka shamba zima linakuwa sawa kama meza. Mwaka uliopita Bethwel aliwasukuma yeye na wenzake kuliko kawaida. Chai iliyo sawa huchipua upesi, alisema, na kilo zitaongezeka. Wakasawazisha hadi migongo ikalia. Tena wakashindana, wakimcheka mwenzao Gesare: "Hiyo yako ni chai ama ni ngamia?" Kisha mashine za kuchuma zikaja, zikateleza juu ya meza zile bila kukwama popote, na wachumaji wakaambiwa warudi kwao.

"Mashine haiwezi nundu," Janeffer akasema polepole.

"Ati?"

"Nakuuliza, Bethwel. Ulijua?"

Bethwel akakohoa. "Mimi ni mtu wa kutumwa. Na si ulimsikia afisa wa leba kwa baraza? Serikali iko na sera. Mashine italeta kazi kwa vijana."

"Italeta? Ishakuja! Inashikwa na vijana wawili, na sisi tulikuwa bloku nzima. Hiyo sera ilisomea wapi hesabu?"

"Usiniletee siasa, mama. Ukikataa, mwenzako Priscillah atakubali kabla sijamaliza kuuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma zaidi. Priscillah naye alikuwa na watoto.

"Nitakuja kesho," akasema.

Bethwel akaondoka akipiga mluzi. Janeffer hakuyafungua magodoro. Alilala sakafuni na binti yake, juu ya blanketi.

Asubuhi, wanawake wa Mtoni walimngoja na vikapu mgongoni. Bethwel alisimama barabarani, mikono mfukoni. Janeffer akaulaza ufito wake juu ya kichaka kilichofura katikati.

"Mnaiona hii nundu? Hii ndiyo inawaandika kazi. Siku mtakapoikata, mashine itapita hapa kama ilivyopita kwetu. Sisi tuliitengenezea njia kwa mikono yetu, na tukapigiwa makofi."

"Wewe mama!" Bethwel akapaza sauti, akija mbio. "Nimekuleta uharibu watu?"

Janeffer akauvunja ufito kwa goti, akamtupia vipande miguuni.

"Sawazisha mwenyewe."

Wanawake wengine waliziangusha fito zao. Wengine walizishikilia, macho chini; hao Janeffer hakuwalaumu. Alishika njia ya nyumbani. Magodoro yalikuwa tayari.